Nati Iliyoganda Kwenye Sasipensheni ya Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo humrudia karibu kila mtu anayebadilisha vipande vya sasipensheni, yaani mfumo unaoyaunganisha magurudumu na gari, kama vile shokapu, bushi (bomba la chuma lililozungukwa na mpira), boljointi (kiungo chenye tufe la chuma kinachogeuka) au linki ya stabilaiza (kifimbo kinachoshika fito ya kuzuia gari lisilale upande), kisha akakuta nati haitaki kusogea. Majibu yamekusudiwa mtu anayefanya kazi kwa zana za mkono, ingawa aliye na mashine za gereji naye atakuta yanayomhusu.

Kwa nini nati za sasipensheni huganda zaidi kuliko za injini?

Kwa sababu ya mahali zilipo. Ziko chini ya gari, jirani na tairi, na kila gurudumu linapopita kwenye maji au tope hurusha unyevu na mchanga moja kwa moja kwenye nyuzi za bolti zinazojitokeza nje ya nati, zile ambazo mafundi wengi huziita thredi. Nati ya injini angalau hupata utando wa mafuta unaovuja hapa na pale. Ya sasipensheni haipati chochote. Chuma kinapoliwa, kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilichoizaa, na kwa kuwa mwanya kati ya nyuzi za nati na za bolti ni sehemu ndogo tu ya milimita moja, kutu hiyo hukosa pa kwenda, ikajishindilia humo na kuzibana nyuzi kama kabari.

Hali huwa mbaya zaidi panapokutana metali mbili. Bolti ya chuma ikiingia kwenye nako ya alumini, yaani kile kipande kinachobeba hubu ya gurudumu, na maji ya chumvi yakafika hapo, alumini ndiyo inayoliwa, nayo hutoa unga mweupe mgumu unaojaza mwanya wote. Unga huo mafuta huupenya kwa shida sana, na ndiyo maana bolti ya namna hiyo inaweza kukushinda hata kama kwa nje haionyeshi kutu yoyote.

Nitajuaje ni nini hasa kilichoishika nati?

Hili ndilo swali la kuanza nalo, na ndilo linalorukwa na wengi. Tunasema "nati imeganda" kana kwamba ni tatizo moja, ilhali ni jina la pamoja la matatizo manne yasiyotibiwa kwa dawa moja.

La kwanza ni nyuzi kushikana kwa kutu: ukivuta spana hakuna kinachosogea hata kidogo. La pili ni nati kusogea nusu mzunguko au mmoja, kisha ikawa ngumu tena; hapo mara nyingi nyuzi zilizojitokeza nje, ambazo nati inatakiwa kuzipitia ikitoka, zimejaa kutu na uchafu. La tatu ni nati kuzunguka bila kutoka, kwa kuwa stadi yake, yaani kifimbo chenye nyuzi ambacho nati imefungwa juu yake, inazunguka nayo. La nne ni nati kutoka vizuri kabisa, lakini bolti yenyewe ikagoma kuchomoka kwa sababu imeshikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Mtu anayeongeza nguvu kwenye tatizo la tatu anapoteza muda, na anayeongeza nguvu kwenye la pili anaivunja bolti ambayo brashi ya waya na mafuta kidogo vingeiokoa.

Kuna jambo jingine linalodanganya. Nati nyingi za sasipensheni ni za kujifunga: zina pete ya nailoni kwa ndani, au zimebonyezwa kiwandani ili zisilegee kwa mtikisiko. Nati ya aina hii huwa nzito kuanzia mwanzo hadi inapotoka. Ikiwa inazunguka kwa uzito ulio sawa mfululizo, haijaganda, endelea nayo polepole.

Nifanye nini kabla ya kugusa spana?

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, weka vizuizi kwenye magurudumu yanayobaki chini, inua kwa jeki, kisha lipumzishe gari juu ya stendi imara. Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Kwa kazi hii tahadhari hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu nati iliyoganda huvutwa kwa nguvu nyingi, na nguvu hiyo hulisukuma gari pembeni. Kwa hiyo, ukishaliweka juu ya stendi, lisukume kwa mikono yako ukiwa umesimama nje, na kama linayumba, lishushe ulipange upya. Nati ambayo unaweza kuifikia gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake, ilegeze hapo hapo kabla ya kuliinua.

Baada ya hapo safisha. Sugua nyuzi zilizo nje kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, na uchokoe tope lililo kwenye pembe za nati ili spana ikae hadi mwisho. Kama bolti ina kichwa chenye umbo la yai au kishale cha kurekebishia pembe ya gurudumu, weka alama ya tindo au ya rangi inayoonyesha imesimama wapi, kwa maana ukishaizungusha huwezi kukumbuka.

Mwisho, amua ni kipande gani unataka kukiokoa. Ikiwa unabadilisha linki ya stabilaiza, linki yote inatupwa pamoja na nati na stadi yake. Ikiwa unabadilisha bushi ya mkono wa chini, yaani kile kipande kirefu kinachounganisha gurudumu na fremu na ambacho wengi hukiita amu, bolti inaweza kupatikana mpya, lakini nati iliyochomelewa ndani ya fremu ni lazima ibaki salama. Uamuzi huu ufanye ukiwa mtulivu, kabla ya jasho na hasira, maana ndio utakaoongoza kila hatua inayofuata.

Nitumie mafuta gani, na nisubiri kwa muda gani?

Tumia mafuta mepesi yaliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kupenya kutu. WD-40 ya kawaida, ambayo watu wengi huikimbilia, ilitengenezwa mwaka 1953 kwa lengo la kufukuza maji kwenye chuma, na herufi mbili za jina lake zinatokana na kazi hiyo hiyo. Inasaidia kiasi, lakini mafuta ya kupenyeza hufanya vizuri zaidi. Baadhi ya mafundi huchanganya asetoni na mafuta ya gia otomatiki kwa vipimo sawa. Mchanganyiko huo hupenya kweli, ila hujitenga usipotikiswa, na asetoni hushika moto kwa urahisi mno, kwa hiyo usiutumie mahali ambapo utawasha moto baadaye.

Kuhusu muda, jibu la kweli ni kwamba wengi hatusubiri vya kutosha. Dakika 10 hazitoshi kwa nati iliyokaa miaka mingi. Kama unajua kwamba kesho utafungua sasipensheni, paka leo asubuhi, rudia mchana, rudia jioni, na iache ilale. Kati ya upakaji mmoja na mwingine igonge nati kwa nyundo pembeni na kichwani, mapigo mafupi na makavu yasiyoharibu nyuzi. Mtikisiko hupasua kutu na kufungua njia ndogo ambazo mafuta huzifuata. Nati ikiwa imeelekea chini, mafuta yanadondoka kabla hayajaingia, hivyo paka upande wa juu wa bolti pia, au funga kitambaa kilicholowa mafuta kuizunguka.

Funika diski na pedi za breki kabla ya kupuliza mafuta. Pedi iliyolowa mafuta haifai tena.

Spana ipi ni bora kwa nati iliyoganda?

Soketi yenye pembe 6, ikaayo barabara, bila kucheza. Soketi yenye pembe 12 hugusa nati karibu na ncha za pembe zake, na hapo ndipo pembe hulika. Ile ya pembe 6 husukuma ubavu wa nati. Kama soketi haifiki, tumia spana ya ringi. Spana ya mdomo wazi hushika nati pande mbili tu, na midomo yake hupanuka ukiivuta kwa nguvu, kwa hiyo iache kwa kazi ya kushikilia kichwa cha upande wa pili.

Hakikisha kipimo. Nati ya bolti ya milimita 12 inaweza kuhitaji spana namba 17, 18 au 19 kulingana na kiwango kilichofuatwa na mtengenezaji, na namba 19 huingia juu ya nati ya 18 iliyojaa kutu kana kwamba ndiyo yake, kisha huila pembe zote kwa mvuto mmoja. Jaribu kwanza iliyo ndogo. Ikiingia kwa kugongwa kidogo, hiyo ndiyo yako.

Je, niongeze bomba kwenye mpini wa spana?

Unaweza, ila ujue unachokifanya. Mtu akivuta kwa uzito wa kilo 30 kwenye mpini wa sentimita 25, anazalisha takriban nyutoni mita 75 (nyutoni mita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Akiongeza bomba hadi mita moja, nguvu ile ile ya mkono inakuwa nyutoni mita 300 hivi. Bolti ya milimita 10 ya daraja la 8.8 (namba inayoonyesha uimara wa chuma chake) kwa kawaida hukazwa kwa nyutoni mita 45 hadi 50 tu. Kwa maneno mengine, kwa bomba la mita moja unaweza kuikata bolti hiyo bila hata kukunja uso.

Kwa hiyo vuta polepole na usikilize kwa mkono. Nati inayolegea hutoa mlio wa ghafla, kisha inakuwa nyepesi. Bolti inayokaribia kukatika hufanya kinyume chake: inazunguka kwa ulaini fulani kama inayovutika, bila mlio na bila kuwa nyepesi. Ukihisi ulaini huo, acha mara moja, rudi kwenye mafuta au moto. Mimi naona kwamba hisia hii ndiyo elimu kubwa kuliko zote katika kazi hii, na haipatikani kwa mtu anayevuta kwa kushtukiza au kurukia mpini kwa mguu.

Mashine ya kufungulia nati kwa mapigo ina faida juu ya bomba, kwa kuwa mapigo yake mengi madogo huivunja kutu pasipo kuikunja bolti kwa mfululizo. Mwenye nayo aitumie kwa vipindi vifupi, akiwa na soketi nene zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, maana soketi za kawaida zinaweza kupasuka na kurusha vipande.

Nimeambiwa niikaze kidogo kabla ya kuifungua. Kuna maana?

Ipo. Kuisogeza nati kidogo sana upande wa kukaza huvunja mshikamano wa kutu, na baada ya hapo nati hukubali kurudi. Jambo la msingi ni kusogea, si upande inakosogea. Ikishasogea, usiifungue moja kwa moja: izungushe robo kwenda nje, irudishe kidogo, paka mafuta, endelea. Kutu iliyosagika isiporudishwa nyuma na kuoshwa hujikusanya mbele ya nati na kuikwamisha tena katikati ya safari.

Moto unafaa lini, na wapi hauruhusiwi kabisa?

Moto ndio tiba yenye nguvu kuliko zote kwa nyuzi zilizoshikana, na pia ndio wenye hatari nyingi zaidi. Chuma hutanuka kwa takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Nati ya bolti ya milimita 12 ikipata joto la digrii 300 zaidi huku bolti ikibaki baridi, tundu lake hupanuka kwa takriban milimita 0.04. Ni kidogo, lakini kwa kutu kavu iliyojibana huo ni mtikisiko mkubwa, na kutu hupasuka. Siri iko katika kuipasha nati, wala si bolti, tena kwa haraka, moto mkali ukielekezwa kwenye bapa za nati na kuzungushwa. Ukipasha taratibu kwa moto dhaifu, joto linahamia kwenye bolti, vyote viwili vinatanuka pamoja na hujafaidi kitu. Huna haja ya kuifanya iwe nyekundu katika jaribio la kwanza. Ipashe, jaribu, iache ipoe, rudia. Kupanuka na kusinyaa mara tatu nne mara nyingi hufanya kile ambacho joto moja kubwa halikufanya. Nati inapokuwa imepoa kiasi lakini bado ina moto, unaweza kuigusisha nta ya mshumaa kwenye nyuzi. Nta huyeyuka na kunywewa ndani.

Kwenye alumini mambo ni tofauti. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kupasha nako ya alumini inayoizunguka bolti ya chuma hufungua mwanya vizuri. Hata hivyo alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, na safi huyeyuka kwenye digrii 660 hivi, huku joto la chini zaidi ya hapo likitosha kuidhoofisha. Tumia kipulizia hewa ya moto badala ya mwali wa gesi.

Sasa makatazo, na naomba yasomwe kwa makini. Usipashe moto shokapu wala nati iliyo karibu na mwili wake, kwa sababu ndani yake mna mafuta, na nyingi zina gesi iliyoshindiliwa; inaweza kupasuka. Usipeleke mwali karibu na hosi za breki, tangi au mabomba ya mafuta, mipira ya boljointi unayotaka kuibakiza, wala nyaya za vihisi vya magurudumu. Mpira wa bushi ukishika moto hutoa moshi mbaya na huendelea kuwaka baada ya kuondoa tochi. Usipashe chuma kilichopuliziwa kisafishio cha breki chenye klorini: mvuke wake ukipata joto kali hutoa fosijini, gesi yenye sumu inayoweza kuua hata kwa kiasi kidogo. Futa mafuta yote ya kupenyeza kabla ya kuwasha. Kizima moto kiwe karibu na mkono, na mtu wa pili awepo.

Wenye uwezo hutumia koili ya umeme ya induksheni, yaani waya uliozungushwa ambao sumaku yake hupasha chuma kilicho ndani yake, nayo hupasha nati peke yake bila mwali. Kwa kazi za chini ya gari hiyo ni salama zaidi, na mimi naipendelea kuliko tochi popote inapoweza kufika.

Nati inazunguka lakini haitoki. Nifanyeje?

Stadi inazunguka nayo. Kwenye boljointi na tairodi (fito inayogeuza gurudumu usukani unapozungushwa), stadi hushikiliwa na umbo lake la koni ndani ya tundu. Ikilegea tu, inaanza kuzunguka. Irudishe ishike: weka jeki au mtaimbo uisukume stadi iingie zaidi kwenye tundu lake, kisha fungua nati ikiwa imebanwa hivyo.

Linki ya stabilaiza kwa kawaida ina tundu la pembe 6 kwenye ncha ya stadi, kwa ajili ya kushikiliwa kwa alenki (ufunguo wa pembe 6 unaoingia ndani ya tundu) wakati spana ya ringi inazungusha nati. Tundu hilo hujaa kutu na kuharibika mapema. Lichokoe, ligonge alenki ndani hadi mwisho, ndipo uanze. Likiharibika, nyingi zina bapa mbili nyuma, karibu na mpira, zinazoweza kushikwa kwa spana nyembamba. Hilo nalo likishindikana, kata. Niliwahi kutumia karibu saa mbili nikiibembeleza nati ya linki ambayo ilikuwa inatupwa kwa vyovyote vile. Kuikata kulichukua dakika 5. Tangu siku hiyo, linki ya stabilaiza iliyoharibika alenki siipi nafasi ya pili.

Pembe za nati zimelika na spana inateleza.

Acha kuzungusha kwanza, kwa sababu kila mtelezo unapunguza kilichobaki. Kama kuna nyama ya kutosha, chagua soketi iliyo ndogo kidogo kuliko nati na uigonge kwa nyundo mpaka ikae. Zipo pia soketi zenye meno ya mzunguko zilizotengenezwa kwa ajili ya nati zilizolika. Hizo hujing'ata zaidi kadiri unavyovuta. Koleo la kujifunga hufaa kwa nati iliyokwisha kulegea, si kwa iliyoganda.

Hatua inayofuata ni kuipasua. Kipasua nati ni pete yenye jino gumu linalosukumwa na bolti hadi nati inapasuka ubavuni. Ukipenda, tindo kali na nyundo hufanya kazi hiyo hiyo penye nafasi. Kwa grainda, kata nati sambamba na stadi, upande mmoja na kisha upande ulioelekeana nao, ukiacha unene mdogo sana usioguswa juu ya nyuzi, halafu malizia kwa tindo. Ukifanya kwa subira, nati hufunguka vipande viwili na nyuzi za bolti zinabaki nzima. Vaa miwani ya kukinga macho na ngao ya uso, na elekeza cheche mbali na tangi na mipira.

Anayejua kuchomelea anaweza kuweka nati kubwa juu ya iliyolika na kuzichomelea pamoja kwa ndani. Njia hii ina faida mbili: unapata pembe mpya, na joto la kuchomelea linaivunja kutu. Ondoa waya za betri kwanza, na ufunge waya wa ardhi wa mashine karibu kabisa na unapochomelea ili mkondo usipite kwenye beringi na vifaa vya umeme.

Nati imetoka, ila bolti haichomoki kwenye bushi.

Tatizo hili ndilo linalowavunja moyo wengi, hasa kwenye mikono ya nyuma. Kutu imeiunganisha bolti na bomba la ndani la bushi, na ukizungusha kichwa cha bolti unaona mpira wa bushi ukijikunja kisha unarudi kama springi. Ishara hiyo ya kurudi haina shaka. Kugonga kunasaidia mara chache tu, kwani mpira unameza mapigo, na wakati huo ncha ya bolti inatanuka kama uyoga na kuzuia njia. Kama utagonga, rudisha kwanza nati hadi iwe sawa na ncha ili kulinda nyuzi.

Ikiwa bushi inabadilishwa, usihangaike. Pitisha msumeno wa umeme wenye meno ya kukatia chuma kati ya bushi na kibano chake, kata bolti pande zote mbili, na mkono utashuka. Nunua bolti na nati mpya kabla ya kuanza kukata, kwa kuwa gari lisilo na bolti ya mkono wa sasipensheni halisogei popote.

Bolti imekatika ikiwa ndani ya tundu.

Kikibaki kipande kilichojitokeza, chomelea nati juu yake. Kikiwa kimekatikia ndani, sawazisha uso wake kwa tupa, piga alama katikati kabisa kwa sentapanchi (chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo), toboa kwa biti ndogo kisha ongeza ukubwa. Biti zinazokata kwa kuzunguka kinyume zina heri, maana wakati mwingine zenyewe huing'ang'ania bolti na kuitoa. Ving'oa bolti vya kupigilia navitumia kwa woga: ni vigumu sana na hukatika kirahisi, na kikikatikia ndani, biti ya kawaida haiwezi kukitoboa.

Nati iliyochomelewa ndani ya fremu ikivunja weldi yake na kuanza kuzunguka, tafuta kwanza tundu lolote la kuingiza spana nyembamba. Lisipokuwepo, hulazimu kufungua dirisha dogo kwenye chuma cha fremu na baadaye kulifunga kwa kuchomelea. Hiyo ni sehemu inayobeba uzito wa gari, mpe anayeijua.

Je, nati ya katikati juu ya shokapu inafunguliwa vivyo hivyo?

Hapana. Pale ambapo springi imevishwa juu ya shokapu, nati ya katikati ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa isifyatuke. Nguvu yake inatosha kuua. Nati ndogo zinazoizunguka, ambazo kwa kawaida ni mbili hadi nne, hufungua mkusanyiko mzima kutoka kwenye bodi. Hizo ndizo za kufungua gari likiwa limeinuliwa. Ya katikati haiguswi wala haikatwi mpaka springi iwe imebanwa kwa kibanio kamili, na uhakikishe kwa mkono kwamba imeachia viti vyake vya juu na chini. Ikiganda, ibane springi kwanza, ndipo ushughulikie kutu.

Naweza kurudishia nati na bolti zile zile?

Nati za kujifunga hazirudiwi. Bolti iliyopata moto mkali haifai tena, kwa sababu ugumu wake ulipatikana kiwandani kwa joto lililopimwa, na tochi huuondoa. Ukiona namba 8.8 au 10.9 kichwani, nunua yenye namba hiyo hiyo, isiwe ya chini yake. Vilevile tupa iliyovutika, iliyoliwa na kutu hadi kupungua unene, na ile ambayo mtengenezaji ameagiza itumike mara moja tu.

Nikaze vipi ili isigande tena?

Safisha nyuzi, kisha fuata kitabu cha gari kuhusu kama zikazwe kavu au na kilainishi. Sehemu kubwa ya nguvu unayoiweka kwenye spana, takriban asilimia 90, huishia kwenye msuguano. Ukipaka grisi ya shaba kwenye nyuzi ambazo kipimo chake kilitolewa kwa hali ya ukavu, bolti itavutwa kupita kiasi ingawa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, inaonyesha namba sahihi. Mahali pasipo na mgogoro pa kupaka ni kwenye shina la bolti linalopita ndani ya bomba la bushi, na juu ya nyuzi zilizobaki nje baada ya kukaza. Tundu la koni la boljointi liache kavu na safi.

Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwenye kimo chake cha kawaida, uzito ukiwa juu ya magurudumu. Ukizikaza mikono ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umejikunja muda wote gari linapotembea, na bushi mpya itachanika mapema. Kwenye nati yenye mikato ya kupitishia spliti pini (waya unaokunjwa ili nati isilegee), kama tundu halijalingana, kaza hadi mkato unaofuata. Usiilegeze kuutafuta ule uliopita.

Ni lazima kupima alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, baada ya hapo?

Ndiyo, kila ulipofungua mkono, tairodi, nako, au bolti ya kurekebishia pembe. Kwa linki ya stabilaiza peke yake si lazima. Baada ya kuendesha umbali mfupi, rudi na spana ya toki upitie kila nati uliyoifungua.